Siku Kompyuta ya Mwalimu Maduhu Iliponyamaza

Nyinyi mnaofanya kazi hii sasa mna raha moja ambayo sisi hatukuwa nayo: mashine ikikataa, mnaiuliza simu. Mnapiga picha ya maandishi ya kosa, mnayatuma, na kabla chai haijapoa mtu ambaye hamtamwona maishani ameshawajibu. Siwaonei kijicho. Nilipoanza mimi, mashine ikikataa unaizunguka, unaitazama mgongoni, unaizima, unamwomba Mungu, unaiwasha tena. Lakini liko jambo ambalo simu haitawaambia. Kila kompyuta mnayoibadilisha mfumo ina mtu wake, na mtu huyo ndiye atakayebaki nayo nyinyi mkishafunga mabegi na kupanda bodaboda.

Nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja wa namna hiyo.

Mimi naitwa Minza, ingawa hapa Somanda wengi wananijua kama Mama Kabula, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nimetengeneza kompyuta karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Miaka ya mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa shule moja ya sekondari ya bweni, nje kidogo ya mji wa Bariadi, shule yenye kitengo cha wanafunzi wasioona.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kulwa, fundi wa taipureta aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Kabla ya kunipa bisibisi alinipa trei tupu ya mayai. Kila skrubu iliyotoka ilikaa kwenye shimo lake, kwa mpangilio, na wakati wa kurudisha unaanza na ile ya mwisho. Kompyuta zilipoanza kuingia Bariadi alikuwa ameshazeeka, lakini hakuziogopa. Alifungua ya kwanza, akachungulia ndani kwa muda mrefu, akaniambia, "Hii ina skrubu chache mno. Inaficha kazi yake." Alisema kweli. Sehemu kubwa ya kompyuta haitoki kwa bisibisi, kwa hiyo trei yake ni ile nakala unayoiweka pembeni kabla hujagusa kitu: mafaili ya mwenyewe, funguo za programu alizonunua, na zile draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuelewana na printa na vifaa vingine. Fundi anayeanza kupandisha mfumo bila nakala, mimi namwona kama mtu anayemwaga skrubu kwenye mchanga.

Trei hiyo iliniokoa mapema. Ofisi moja ya wanunuzi wa pamba iliniita niwawekee mfumo endeshi mpya, ule unaoiamsha kompyuta na kutawala programu nyingine zote. Nikauweka. Ulikuwa unang'aa, na kioo kilikuwa na picha ya mlima wenye theluji. Lakini printa yao, ile ya zamani inayogonga karatasi za kaboni, ikawa kama haipo. Nje malori ya pamba yamesimama, ndani stakabadhi hazitoki. Karani wao, baba mmoja mpole, akautazama mlima, akaitazama printa, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma: "Mayu, umetuletea mgeni mzuri sana. Tatizo lake hana mdomo." Nikarudisha mfumo wa zamani kutoka kwenye nakala, na malori yakaondoka. Tangu siku hiyo, kabla ya kupandisha mfumo wowote, swali langu la kwanza likawa: mashine hii inaongea na nani? Swali la pili: hali ya hewa ikoje? Msicheke. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, unabaki na kompyuta ambayo si ya zamani wala si mpya. Mawingu yakisimama upande wa Maswa, mimi sianzi.

Sasa niwaeleze habari ya shuleni.

Mkuu wetu wa shule, Madam Rebeka, aliniita ofisini asubuhi moja. Alikuwa mama mwembamba, mwenye sauti ya chini, na mtu aliyekuwa akimaliza alichokianza. Kompyuta yake ilikuwa imeonyesha ukurasa mweupe wenye maneno mawili matatu mekundu.

"Mama Kabula, tovuti ya kusajili watahiniwa inanikataa. Inasema kivinjari changu ni cha zamani. Nimejaribu kukisasisha, nacho kinasema mfumo wangu ni wa zamani."

"Ni kweli, Madam. Mfumo huu hawautengenezi tena. Hata kinga dhidi ya virusi haupokei."

"Basi tupandishe zote. Kabla ya likizo kuisha."

"Zote hazitaweza. Nyingine kumbukumbu yake ni ndogo, zitakuwa zinatembea kama ng'ombe mgonjwa. Na printa ya ofisi ya taaluma huenda ikagoma."

Alifikiri kidogo. "Zinazoweza, zipande. Zisizoweza, niambie nikae nikijua. Watoto lazima wasajiliwe."

Hivyo ndivyo kiongozi anavyopaswa kujibu, na ukimpata wa namna hiyo mshike. Nikaanza. Nilipandisha za ofisi, nikapandisha za maabara. Printa ya taaluma iligoma kama nilivyohofia, nikaitafutia draiva ya ndugu yake wa ukoo mmoja, ikakubali kuchapa lakini ikakataa kabisa kuchapa pande mbili. Tukaishi hivyo. Kazi hii ni ya kubadilishana. Unapata hiki, unaacha kile, na kazi yako ni kumwambia mwenye mashine mapema anachokiacha.

Ilibaki kompyuta moja, ya Mwalimu Maduhu.

Mwalimu Maduhu alifundisha historia na alikuwa mkuu wa kitengo cha wasioona. Surua ilimchukua macho akiwa mtoto. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, na ndani yake kulikuwa na mashine ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya vidole. Mashine ile ikifanya kazi ilipiga kelele kama mvua ya mawe kwenye bati, mpaka madarasa ya jirani yalifunga madirisha. Kompyuta yake ilikuwa inaongea. Programu ya sauti ilimsomea kila kilichokuwa kwenye kioo, kwa kasi ambayo mimi sikuambulia hata neno, naye alikaa ametulia, kichwa ameinamisha kidogo, vidole vinakwenda. Sauti ile aliinunua kwa msaada wa kanisa lake miaka mingi nyuma, na kwa miaka hiyo yote alikuwa ameifundisha. Ilikuwa haijui kutamka majina ya kwetu. Akaipa jina moja moja: wanafunzi wake, vijiji vyao, mito, watemi wa zamani aliowataja darasani. Mwishowe ilitamka Ng'wigulu na Lingeka kama mtu aliyezaliwa Meatu.

Nilipoingia aliitambua hatua yangu.

"Mwangaluka, mayu," alisema, salamu yetu ya asubuhi.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Nimesikia unapita chumba kwa chumba. Nikasema, zamu yangu inakuja. Sasa niambie. Sauti yangu itabaki?"

Ningeweza kumwambia itabaki. Mafundi wengi husema hivyo ili kazi iende. Nikamwambia, "Sijui, Mwalimu. Programu yako ni ya zamani sana. Ngoja niijaribu kwenye kompyuta nyingine kwanza."

Nikaijaribu kwenye kompyuta ya maabara yenye mfumo mpya. Haikuwaka kabisa. Na waliokuwa wakiitengeneza walikuwa wamekwisha kuiacha. Nikarudi kumweleza, na tukakubaliana na Madam Rebeka kwamba kompyuta ya Mwalimu ibaki kama ilivyo, ila nichomoe waya wa mtandao. Isiyokuwa na kinga isitoke nje. Mwalimu alifurahi. Mimi nilijua nimenunua muda tu, na nilimwambia hivyo. Akasema, "Muda nao ni kitu."

Muda huo uliisha kwa flashi. Mwalimu mmoja wa jiografia alimletea maswali ya marudio ayachape kwa nukta nundu, kwenye flashi iliyokuwa imezunguka nusu ya mji. Waya wa mtandao nilikuwa nimeuchomoa, lakini virusi havikuhitaji waya. Nilikuwa chumba cha maabara aliponifuata mwenyewe, fimbo yake ikigonga ukuta haraka kuliko kawaida.

"Mama Kabula, imenyamaza."

Nikaenda naye. Kioo kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Yeye alikuwa hajui hilo. Alichojua ni kwamba alibonyeza na hakujibiwa. Alikaa kwenye kiti chake akaweka mikono juu ya kibodi, akaiacha hapo.

Mitihani ya majaribio ya kidato cha nne ilikuwa imekaribia. Wanafunzi wake walikuwa wakisubiri karatasi zao. Madam Rebeka alikuja chumbani, akasimama mlangoni, akapendekeza njia iliyokuwa rahisi: walimu wapangwe wawasomee watoto maswali kwa sauti, mambo yaende, kompyuta itengenezwe taratibu.

Mwalimu Maduhu aligeuza uso upande wa sauti yake. "Madam, mimi nilisoma hivyo. Nikisomewa, nasikia kwa mwendo wa anayesoma. Nikitaka kurudi nyuma naona haya, kwa sababu naye amechoka. Mtoto akiwa na karatasi yake mwenyewe, anairudia mpaka aridhike. Usiwanyime hilo kwa sababu ya kompyuta."

Madam akanigeukia. "Inawezekana?"

"Inawezekana kujaribu," nikasema.

Mwalimu aliomba tubaki wawili. Nikamweleza waziwazi, kwa sababu mashine ilikuwa yake na maisha yaliyokuwa ndani yake ni yake. Ziko njia mbili. Ya kwanza, nirudishe mfumo ule ule wa zamani na sauti ile ile. CD zake ninazo. Ataendelea kama jana, lakini hautakuwa na kinga, na flashi nyingine ikija tutarudi hapa hapa. Ya pili, mfumo mpya na programu nyingine ya sauti, ya bure, inayotengenezwa mpaka leo. Huko atakuwa salama, ila sauti itakuwa ngeni, vibonyezo vingine vitahama, na majina yote aliyoifundisha ile ya zamani hayatafuata. Faili lake limefungwa kwa namna ambayo programu nyingine hailielewi. Na mashine ya nukta nundu, nikamwambia, sina uhakika kama itaelewana na mfumo mpya.

"Majina yote?"

"Yote, Mwalimu."

Alivua miwani yake myeusi, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Nikirudi kwenye ule wa zamani, nitaiogopa kila flashi mpaka nistaafu. Nitakuwa kama mtu anayelinda nyumba inayobomoka. Majina nitayafundisha upya. Pandisha."

Kwanza niliitoa diski nikaiunganisha kwenye kompyuta nyingine yenye kinga, nikasafisha, nikanusuru masomo yake. Mengi yalikuwa mazima. Siku iliyofuata anga ilikuwa safi, na Madam alikuwa ameruhusu jenereta ya mashine ya kusaga ikae tayari umeme ukisumbua. Tukaanza.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho miaka yote ya kazi haikunifundisha. Siku hizo, wakati mfumo unawekwa, hakukuwa na sauti yoyote. Kioo kinauliza, kinatoa onyo, kinakuchagulia, na asiyeona hana namna ya kujua. Nilianza kubonyeza kama nilivyozoea, haraka haraka.

"Umebonyeza nini?" aliuliza.

"Kitufe cha 'Endelea'."

"Iliandikwa nini?"

"Ah, mambo ya kawaida."

"Mama Kabula, ni mashine yangu. Nisomee. Usinieleze maana yake, nisomee kilichoandikwa."

Basi nikawa sauti ya kompyuta. Nilisoma kila ukurasa. Nilisoma masharti ya matumizi, ambayo nilikuwa nimeyakubali mara zisizohesabika bila kuyajua, na kwenye ukurasa mmoja Mwalimu alinisimamisha. "Rudia hapo. Wanataka kuchukua nini?" Walitaka kupeleka kwao taarifa za kila kinachoandikwa kwenye kibodi, ili kuboresha huduma. Kulikuwa na kitufe kidogo cha kukataa. Nilikuwa sijawahi kukiona. Tukakataa. Ukurasa mwingine ulikuwa umeruhusu kompyuta ijisasishe yenyewe wakati wowote, na tukaupangia saa za jioni baada ya vipindi. Kazi ambayo ningeimaliza asubuhi ilifika mpaka saa za chai ya mchana, na sijawahi kuweka mfumo vizuri kama siku ile. Vijana, someni mnachobonyeza. Someni kwa sauti kama mwenye mashine amekaa karibu.

Kisha nikaweka programu ya sauti. Ikaamka, ikasema neno la kwanza.

Mwalimu akainua kichwa. "Huyu ni nani?"

"Ndiye mpya."

"Anaongea kama mtu aliyefunga mdomo kwa kitambaa." Akaandika jina lake. Likatoka salama. Akaandika jina la mwanafunzi wake, Ng'wigulu. Sauti ikasema enne, ikasema ge, ikataja alama ya mkato wa juu, ikasema wigulu, kama vile inamtangaza mtu na sehemu zake. Akaandika jina la mahali, Malampaka, ikaimba mwishoni kana kwamba inauliza swali. Nilicheka, na yeye akacheka, lakini kicheko chake kilikatika kabla ya changu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda mahali ambapo kitu kilikuwepo zamani. Alibonyeza kufungua faili, likafungwa. Aliandika swali zima, likapotea. Mtu aliyekuwa wa haraka kuliko sisi wote akawa anatafuta herufi. Ijumaa moja nilimkuta amezima kompyuta na ameweka mezani kibao chake cha zamani cha kutobolea nukta kwa mkono, na ile kalamu yake yenye ncha ya msumari.

"Nimefundisha kwa hiki miaka mingi," alisema. "Hakijawahi kuniomba apdeti."

Nikavuta kiti. "Karatasi za mitihani utazitoboa zote kwa mkono?"

"Nitajaribu."

"Kwa watoto wote, masomo yote?"

Alikaa akizungusha kalamu. "Hapana," alisema. "Siwezi." Akaiweka kalamu mezani. "Ndiyo maana nimekasirika."

Nikamwacha na hasira yake, kwa sababu ilikuwa halali. Jumatatu nilipofika shuleni, kelele ile ya sauti mpya ilikuwa inasikika koridoni kabla ya kengele. Alikuwa ameanza na majina ya kidato cha nne. Aliandika jina, akalisikiliza, akalibadilisha herufi kwa namna ya kuidanganya sauti ilitamke sawa, akalisikiliza tena. Hakuniita. Nilisimama mlangoni kidogo nikaenda zangu.

Nami nilikuwa na vita vyangu, mashine ya nukta nundu. Nilitafuta draiva yake kila mahali. Nilimpigia fundi mmoja wa Mwanza, akanishauri ninunue mashine mpya, jambo ambalo hata yeye alijua halitatokea. Mashine ile ilikuwa nzima, ina nguvu, ila ilijua kuongea na mfumo wa zamani tu. Nilijaribu hiki na kile mpaka nikakubali kwamba nalazimisha. Nikabadilisha njia.

Nikachukua kompyuta moja chakavu iliyokuwa imeachwa stoo, nikaiwekea mfumo wa zamani kwa kazi moja peke yake: kuongoza mashine ya nukta nundu. Haina mtandao, haina michezo, haina barua. Matundu yake ya flashi nikayaziba kwa gundi, nikaacha moja. Na kwa tundu hilo nikatenga flashi moja, nikaipaka rangi ya kucha nyekundu ya Kabula, nikaifunga kwa kamba mezani. Mwalimu anaandika kwenye kompyuta yake yenye mfumo mpya na kinga, faili linakaguliwa, linapita kwenye flashi nyekundu, linaingia kwenye ile kompyuta mzee ya stoo, linachapwa. Haikuwa njia ya kupendeza. Lakini kitu cha zamani kikiwa bado kina kazi, usikitupe na wala usikiachie nyumba nzima. Kitafutie chumba chake na ukifungie humo.

Karatasi ya kwanza ilipotoka, jengo zima lilisikia. Mwalimu akamwita Milembe aje aijaribu. Milembe alikuwa msichana wa kidato cha nne kutoka Lingeka, wazazi wake wafugaji, aliyeanza shule amechelewa na akasoma kama mtu anayefidia. Akaniamkia, akakaa, akapitisha vidole kwenye mstari wa kwanza. Akarudi mwanzo. Akapitisha tena.

"Shikamoo tena, Mama Kabula," alisema kwa upole. "Hii imeandikwa lugha gani?"

"Kiswahili, mwanangu. Historia."

"Vidole vyangu vinasoma Kiingereza, lakini cha watu ambao sijawahi kuwasikia."

Mwalimu akaichukua karatasi, akaipapasa, akaanza kutabasamu. Programu mpya ya kugeuza maandishi kuwa nukta ilikuwa imewekwa kwa kanuni za Kiingereza. Kiingereza kina vifupisho vyake, kwa hiyo kila ilipoona herufi zilizofanana na maneno yake, ilizifupisha. Maneno yetu yalikuwa yamekatwakatwa. Kama Milembe asingeisoma kwanza, tungepeleka rundo la karatasi hizo kwenye chumba cha mtihani. Tukatafuta kanuni za Kiswahili kwenye mipangilio, tukachapa upya, akasoma upya.

"Hii sasa inasomeka," alisema, na akaendelea kusoma, akatusahau.

Tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyotoka chumba kile bila mwanafunzi kuusoma kwanza ukurasa wa kuonja. Nawaambia na nyinyi: ukimaliza kupandisha mfumo, usijaribu mwenyewe halafu ukasema umemaliza. Mpe atakayeitumia, kaa pembeni, tazama mikono yake.

Mitihani ilifanyika. Nilikuwa nje ya chumba, natengeneza soketi ya ukumbi ambayo haikuwa na haraka yoyote, kwa sababu nilitaka kuwa karibu. Dirishani niliwaona wale watoto wameinama, vidole vinakwenda, vinarudi, vinakwenda. Katikati ya mtihani wa historia Milembe alinyoosha mkono. Msimamizi akamwendea. Msichana akamwambia swali moja lilikuwa limerudiwa, lile lile kwa maneno mengine, ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Msimamizi akatazama karatasi ya wanaoona, ikawa kweli. Darasa zima la wenye macho lilikuwa limepita hapo bila kujua. Mwalimu Maduhu ndiye aliyetunga ule mtihani, na alipoambiwa kosa lake alicheka mpaka akatoa kitambaa. Ndicho alichokuwa amekipigania, mtoto arudi nyuma bila kuona haya.

Milembe sasa anasomea ualimu. Mimi nimestaafu, nina bustani ndogo ya mchicha na vitunguu nyuma ya nyumba, na mafundi vijana huja kuniuliza mambo, mengine ya maana na mengine ya kupotezea muda. Na mfumo ule niliouita mpya, ule tuliousoma ukurasa kwa ukurasa, nao umezeeka. Waliouumba wametangaza kwamba hawautunzi tena. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Hakuna mfumo wa mwisho, na anayengoja wa mwisho ndipo aanze kujifunza atangoja bure.

Asubuhi moja mwaka jana, nikiwa namwagilia, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya Mwalimu Maduhu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, Mwalimu. Najua unachotaka. Muda wa kinga umeisha. Ngoja nivae viatu, nichukue bodaboda, nakuja."

"Usije. Nimekupigia usikie tu."

Akaisogeza simu karibu na kompyuta. Nikasikia sauti, si ile ya kitambaa mdomoni, ilikuwa nyingine, safi zaidi. Ilikuwa inasoma ukurasa wa kuweka mfumo mpya. Siku hizi wameweka sauti tangu mwanzo kabisa, kabla mfumo haujakaa. Ilikuwa inamwambia mwenyewe kilichoandikwa, naye alikuwa peke yake chumbani, na nakala zake ameshaziweka pembeni.

"Sawa, Mwalimu," nikasema, "sasa kabla hujabonyeza hapo, hakikisha kwamba—"

"Mama Kabula," alinikatiza kwa upole, "nyamaza kidogo. Anasoma."

Nikanyamaza. Nilifunga bomba, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu sikioni. Sauti ikasoma mpaka mwisho wa ukurasa. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena sehemu moja, taratibu, kwa mwendo wake. Kisha nikasikia kidole chake kikibonyeza.